Kruzi kontroli haishiki

Swali: Nimenunua Toyota iliyotumika Japani. Swichi ya kruzi kontroli, ule mfumo wa kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta, siioni, na aliyeniuzia anasema haishiki. Nianzie wapi? Msomaji, Mbezi

Jibu: Kwenye Toyota nyingi ni kijiti kifupi nyuma ya usukani, chini kulia, usukani wenyewe hukificha. Bonyeza ncha yake, taa ya kruzi iwake kwenye dashibodi. Ukivuka kilomita 40 kwa saa, kisukume chini na kukiachia. Foleni ya Kimara si mahali pa kujaribia.

Taa ya kruzi ikiwaka lakini mwendo haushiki, chunguza breki, maana ndiyo hukata kruzi: mwambie mtu asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki. Taa za breki zisipowaka, au zikiwaka muda wote, angalia fyuzi yenye neno STOP na swichi ndogo iliyo juu ya pedeli. Hapo ndipo ugonjwa hupatikana mara nyingi, na swichi hiyo ni spea ya bei nafuu.

Taa ya kruzi isipowaka kabisa, honi nayo kimya na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) inawaka? Shuku utepe wa nyaya uliojiviringisha ndani ya usukani, huwa umekatika. Fundi achomoe hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa eabegi. Akikuambia haina haja, tafuta mwingine.