Uliza Mama Tabu: Mapipa Matatu na Farasi Mkorofi

*Shikamoo Mama Tabu. Mimi na kaka yangu tumebishana mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tunatazama rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe wa Marekani, kwenye simu. Wanaume wanapanda farasi wanaorusha mateke, wanawake wanazungusha farasi kwenye mapipa matatu, basi. Kaka anadai ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, eti mwanamke hana ubavu wa kumkalia farasi mkorofi. Nimjibu nini? Zuhura, Tanga.*

Marahaba, mwanangu. Mwambie alipe chai nyingine.

Mwaka 1904, huko Cheyenne, jimbo la Wyoming, binti aitwaye Bertha Kaepernik alimpanda farasi wa namna hiyo mbele ya watu, uwanja umejaa tope. Lakini wa kumnyamazisha kaka yako ni Fannie Sperry wa Montana. Mwaka 1912 Fannie alikwenda Calgary, Kanada. Siku ya fainali kura ikamwangukia farasi aitwaye Red Wing, yule yule ambaye siku chache nyuma alikuwa amemkanyaga mwanamume mmoja akafa. Mimi nilichunga ng'ombe wa baba mpaka darasa la saba, nikakanyagwa na mtamba mara moja tu, na kidole cha mguu hakijanyooka hadi leo. Huyo Red Wing ningemwangalia kwa mbali. Fannie akapanda, akashuka bingwa wa dunia wa wanawake, na dola 1,000 mkononi.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye simu hamtaliona. Wanawake wengi wa enzi zile walipanda vikuku vikiwa vimefungwa. Vikuku ni vile vya kukanyagia, vinavyoning'inia pande mbili za tandiko. Walipitisha mkanda chini ya tumbo la farasi, wakaviunganisha. Vikuku visipoyumba, miguu nayo inatulia, na mpandaji anakaa vizuri zaidi. Watu wakaona wamemhurumia mwanamke. Tatizo ni pale farasi anapoanguka: wa vikuku huru anachomoa miguu na kujitupa kando, wa vikuku vilivyofungwa anabaki pale pale. Fannie alikataa kufungiwa, akapanda kama wanaume.

Bonnie McCarroll alipanda vikiwa vimefungwa. Naye hakuwa mgeni wa mchezo, alikuwa na ushindi wa Cheyenne na wa New York. Septemba 1929, Pendleton, jimbo la Oregon, alianguka na farasi aitwaye Black Cat. Farasi akainuka, Bonnie mguu umenasa. Alifariki siku chache baadaye, hospitalini.

Pendleton wakafuta mchezo huo kwa wanawake. Jamani! Wanaume walikuwa wanakufa katika mchezo huo huo, hata Calgary alikufa mmoja, na hakuna aliyewafungia uwanja. Cha kufuta kilikuwa ule mkanda wa chini ya tumbo. Mwaka huo huo waandaaji wa rodeo waliunda chama chao, na katika mashindano waliyoyatambua rasmi hawakuweka ya wanawake. Viwanja vingine vikafuata polepole. Kwenye rodeo nyingi mwanamke akabaki wa kupendeza juu ya farasi, amevaa vizuri, anapungia watu mkono.

Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaanzisha chama chao wenyewe, Girls Rodeo Association. Katika mashindano yao walirusha kamba, walipanda farasi wakorofi, walipanda hadi mafahali. Mapipa anayoyacheka kaka yako yalikuwemo pia, na ndiyo yaliyowarudisha kwenye viwanja vikubwa: mwaka 1967 yaliingia fainali za taifa. Zawadi ya fainali ikalingana na ya wanaume mwaka 1998. Ndiyo, 1998, wewe na kaka yako huenda mlikuwa mmeshazaliwa.

*Mama Tabu, salamu. Kwenye hayo mashindano ya mapipa, bingwa hasa ni mtu au farasi? Baba Kelvin, Nakuru.*

Salama, Baba Kelvin. Mchezo wenyewe ni wa sekunde chache: unazunguka mapipa matatu, unatoka mbio, na kila pipa unaloangusha unaongezewa sekunde 5. Sasa msikilize Charmayne James. Alichukua ubingwa wa dunia miaka 10 mfululizo, 1984 hadi 1993, na alipoanza alikuwa na umri wa miaka 14. Farasi wake ni mmoja miaka yote hiyo, Scamper. Kwenye fainali za 1985, Las Vegas, hatamu ilimvuka Scamper kichwani, lijamu likamtoka mdomoni. Hana breki, hana usukani. Akazunguka mapipa kama kawaida, na raundi ile wakashinda.

Lakini usisahau kwamba kuna mtu aliyemfundisha farasi huyo njia mpaka akaijua bila kuvutwa. Na mwaka 2002 Charmayne alichukua ubingwa wa 11 akiwa na farasi mwingine, Cruiser.

Scamper alikuwa amehasiwa, kwa hiyo hakuacha mtoto. Mwaka 2006 wataalamu walichukua chembe za mwili wake wakapata nakala yake, dume aitwaye Clayton, ili mbegu isipotee. Huyo hawakumhasi.