Mtoto hasemi? Masikio kwanza, kilimi usiguse

Ijumaa usimpeleke mwanao kukatwa kilimi. Hata kama mama mkwe ameshalipa, na huyo mkataji ameshapanga saa, usimpeleke.

Umeuliza mambo mengi kwa pamoja: mwanao ana mwaka na miezi kumi hana hata neno moja, alitembea na miezi 16, ziwa hataki kuacha, chakula anachagua, na jee, akikatwa kilimi ulimi utafunguka? La kutembea usilitie moyoni. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima wa nchi kadhaa, Oman ikiwemo, na wapo waliotembea na miezi 8 na wapo waliongoja hadi 17. La kusema ndilo linalonifanya niandike usiku huu.

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Maneno hayatoki hapo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na asiyesikia hana cha kuiga. Wangu alikatwa. Aliyetushauri ni mtu mzima, anaheshimika mtaani, akanambia kwa yakini kabisa, "Kilimi kirefu hicho, kinamziba." Damu haikukatika, usiku ule ule tukakimbilia spitali. Homa ikafuata, akawa hamezi hata maziwa. Na wembe unaopita koo la mtoto huyu na yule hubeba pepopunda, hubeba na virusi vya ukimwi. Baada ya mateso yote hayo, akawa bado hasemi. Tukaambiwa tungoje kidonda kipoe, kisha tukaambiwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, kisha "watoto wa kiume huchelewa". Muda wote huo mtoto alikuwa hasikii!

Yule mkataji sijamsamehe. Na hili la "wa kiume huchelewa" linanikera kuliko yote, kwa sababu lina chembe ya ukweli. Wavulana huwa nyuma ya wasichana, lakini kidogo tu. Neno la kwanza huja karibu na mwaka, na akifika miaka miwili mtoto huunga mawili, "baba njoo", "taka maji". Aliyefika miezi 18 bila ya neno hata moja anataka kupimwa, awe wa kike awe wa kiume.

Utanambia anasikia, maana ukipiga makofi hugeuka. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wangu gari ya shamba ikipita alikuwa wa mwanzo kukimbilia dirishani, na adhana ya spika ikianza hutulia akasikiliza. Kumbe nyuma ya ngoma za masikio yake yalijaa maji mazito. Kuna kijibomba kinachotoka nyuma ya pua kwenda sikioni. Kwa watoto wadogo ni kifupi tena kimelala, mafua yakizidi kinaziba na maji yanatuama. Hutoona usaha, na pengine hutosikia kilio. Sauti kubwa hupita, lakini ya mtu anayezungumza humfikia kama inatoka ndani ya mtungi.

Mjaribu leo. Akiwa anacheza, kaa nyuma yake, usimguse, umwite kwa sauti ya chini. Kisha mwambie alete kikombe, na wewe usikitazame wala usikinyooshee kidole. Watoto hufuata macho yetu na mikono yetu, sisi tukadhani wamefahamu neno. Na hata akifaulu, mpeleke tu.

Usitosheke na kliniki ya mizani. Mstari wa wangu kwenye kadi ulikuwa ukipanda vizuri, chanjo zote amepata, nesi akanambia "mtoto mzima huyu". Uzito hausemi kitu juu ya masikio. Huko Wete, Pemba, anza spitali, uombe kwa mdomo wako mwenyewe barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikibidi kuvuka, vuka. Mnazi Mmoja ya Unguja ndiyo ya rufaa. Masikio yakionekana mazima, hapo ndipo watafute sababu nyengine, usonji ukiwa mmoja wao.

Wakikuta maji wanaweza kukwambia mngoje kama miezi mitatu, kwani mara nyingi hukauka yenyewe. Kungoja huko kuna daktari anayefuatilia na tarehe ya kurudi, si kungoja kwa barazani. Yasipokauka huwekwa kibomba kidogo kwenye ngoma. Wangu aliwekwa, na maneno yakaanza kuja, moja moja. Huku nyuma usimtie sikioni mafuta ya nazi wala maziwa ya ziwa, maana ngoma ikiwa imetoboka yanaingia hadi ndani.

Na kama hulala mdomo wazi na kukoroma, mchukue video kwa simu ukamwoneshe daktari. Nyama za nyuma ya pua zikivimba huziba kile kijibomba, na kule spitali hakuna atakayemwona akiwa usingizini.