Kuchagua vijana wa kumwaga zege
Ndugu yangu, umeuliza uangalie nini unapounda kikosi cha kumwaga zege la slabu. Nguvu wengi wanazo. Mimi ningeanza na anayefika kwa wakati, maana zege likishachanganywa halimsubiri mtu. Akikosekana wa kupokea ndoo pale kwenye ngazi, mstari mzima unasimama. Halafu mtafute anayethubutu kusema, "Fundi, hapa maji yamezidi," hata kama fundi mwenyewe ni mkali. Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu, na hiyo ni nyumba ya mtu. Mbishi wa kila kitu mwache nyumbani. Hela wagawie mbele ya wote, jioni hiyohiyo, na wa mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege, mkubaliane naye kiwango cha malipo kabla ya kuanza.