Feri naenda na simu, ukumbini naenda na kamera

Haipiti wiki bila kijana kuniuliza: "Kaka, simu yangu inapiga picha vizuri sana, kamera ya nini tena?" Zamani nilikuwa najibu bila kufikiri kwamba simu ni ya kujifurahisha na kamera ni ya kazi. Siwezi kujibu hivyo tena, kwa sababu picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga imetoka kwenye simu.

Niliipiga soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam, asubuhi jua likiwa limeinuka kidogo tu. Mzee mmoja wa mnada ameshika samaki aina ya changu juu ya vichwa vya watu, maji yanamchuruzika mkononi, na mwanga unamgonga ubavuni. Ni ile sekunde moja. Pale nimewahi kwenda na kamera kubwa pia. Ukiitoa tu begini, huyu anageuza uso, yule anataka kujua unazipeleka wapi hizo picha, na mnada wote unakutazama wewe. Nikiwa na simu naomba ruhusa vilevile, tunasalimiana, tunaongea, lakini baada ya muda mfupi wanarudi kwenye samaki wao na mimi nabaki na kazi yangu. Picha ile ni ya megapikseli 12. Nimeichapa sentimita 60 kwa 40, iko ukutani sebuleni, na ukiitazama umbali wa hatua moja haina kasoro.

Kwa hiyo suala la kama picha ya simu inaweza kuwa kazi nzito, kwangu limeshaisha. Mwaka 2012 jarida la Time liliweka kwenye jalada picha ya Kimbunga Sandy iliyopigwa na Ben Lowy kwa iPhone, na simu za wakati ule hazifikii hata nusu ya uwezo wa hizi tulizo nazo leo. Linalobaki ni kujua simu inakuacha wapi.

Inakuacha gizani. Ndani ya kila kamera kuna sensa, kile kibao kinachopokea mwanga. Kwenye kamera za "full frame", zile kubwa za kazi, kina milimita 36 kwa 24. Kwenye simu, hata zile zenye sensa kubwa kabisa, ni kama milimita 13 kwa 9, na simu nyingi ziko chini ya hapo. Weka kikombe na beseni uani wakati wa masika: vyote vitakupa maji ya kunywa. Yakiwa manyunyu, beseni bado litakupa kitu, kikombe kitalowa tu. Simu inajitahidi kuziba pengo hilo kwa kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Kwa jengo au mtu aliyetulia, matokeo yanapendeza mno. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza, huku mashangazi wanampepea vitenge, unapata mikono yenye kivuli na sura iliyovurugika.

Hili nililijua kwa maumivu. Mwaka 2022 kamera yangu ilikuwa kwa fundi, nikakubali kupiga sendofu kwa simu peke yake. Kwenye kioo cha simu kila kitu kilionekana safi. Nilipofungua kwenye kompyuta kutengeneza albamu, nikaona ngozi zimelainishwa hadi zimepoteza uhai, na kingo za shela zimekatwa ovyo na ule mtindo wa kufifisha mandhari ya nyuma. Mama wa binti akazitazama muda mrefu, kisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, huyu si binti yangu. Binti yangu ni mweusi wa kung'aa." Nilirudisha nusu ya malipo. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu alikuwa na haki, na usiku ule haurudi.

Rangi ya ngozi zetu ni jambo la kusimamia mwenyewe, usiiachie mashine. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilipimwa kwa picha ya mwanamke mweupe, na simu nyingi zimerithi tabia hiyo ya kuona weusi kama giza la kurekebishwa. Baadhi ya kampuni zimeanza kulifanyia kazi. Google walifanya hivyo kwenye Pixel 6 mwaka 2021. Hata hivyo, zima kabisa kile kipengele cha urembo. Gusa uso wa unayempiga kwenye kioo, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Simu yako ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, yaani RAW, tumia hilo kwa picha unazozijali, maana humo rangi inabaki mikononi mwako.

Mengine ni madogo ila yanaokoa. Usivute picha kwa vidole viwili, sogea kwa miguu. Mteja usimtumie picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inazibana. Zitume kama dokumenti. Ukipiga kiapo cha ndoa kwa simu, iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode) kwanza, kwa maana simu ikiita padri akiwa anauliza swali lake, umeharibu ibada ya watu.

Na kama umeamua kula kwa kazi hii, pesa ya simu mpya ya bei kubwa ielekeze kwenye kamera iliyotumika, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, na flashi moja ya kuweka juu ya kamera. Kwa shughuli za usiku, hapo ndipo ningeanzia. Simu uliyo nayo itakutosha kwa mchana, kwa hina mikononi mwa bibi harusi, kwa mtaani.

Kijana wa mwisho aliyeniuliza nimemwambia tukutane Feri Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na simu yake hiyohiyo. Nimemwomba kitu kimoja tu: aifute lenzi kwa kitambaa safi kabla hajatoka nyumbani.