Haki, dola na utambuzi: kwa mnaoanza kusoma suala la Palestina na Israeli

Wanafunzi wengi wanaojiunga na semina yangu ya sheria ya kimataifa huingia wakiwa tayari wana jibu. Aliyelelewa madrasa amesikia habari za Al-Aqsa tangu utotoni, na Wapalestina kwake ni ndugu waliodhulumiwa. Aliyekulia kanisani ameimba Sayuni na Yerusalemu tangu shule ya Jumapili, na jina la Israeli kwake ni jina la watu wa ahadi. Simtaki mtu aiache imani yake. Ila imani haitoshi kujibu swali la sheria, na mkianza kuandika kazi zenu mtaona haraka mahali inapoishia.

Israeli ya Agano la Kale ilikuwa taifa na ufalme wa kale. Israeli inayokaa Umoja wa Mataifa ni dola iliyotangazwa Tel Aviv tarehe 14 Mei 1948, yenye raia ambao takriban mmoja kati ya watano ni Mwarabu. Wapalestina nao si Waislamu peke yao: Bethlehem na Beit Sahour kuna Wakristo wa Kipalestina, watu wa makanisa yaliyokuwepo karne nyingi kabla kanisa la kwanza halijajengwa pwani yetu. Kijana anayejua hayo mawili tu ameshapunguza nusu ya ubishi wa vijiweni.

Sasa nawaomba mshike jambo moja kuliko yote. Katika suala hili kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya, na karibu kila mabishano mabaya niliyoyasimamia darasani yalitokana na mchanganyiko huo. La kwanza: je, hawa ni taifa lenye haki ya kujiamulia mambo yake? La pili: je, taifa hilo lina dola? La tatu: je, nani ameitambua dola hiyo? Haki ni suala la sheria. Kuwepo kwa dola ni suala la sheria na hali halisi kwa pamoja. Utambuzi ni uamuzi wa serikali nyingine, na serikali huamua kwa kutazama maslahi yake.

Kwenye swali la kwanza, haki ya kujiamulia imo katika ibara ya 1 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ikatiliwa nguvu na Azimio 1514 la mwaka 1960 juu ya kukomesha ukoloni, kisha ikawekwa kuwa ibara ya 1 ya mikataba yote miwili mikuu ya haki za binadamu ya 1966. Azimio 3236 la Baraza Kuu, mwaka 1974, liliwataja Wapalestina waziwazi. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitoa maoni yake kuhusu ukuta uliojengwa na Israeli Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina lililo magharibi ya mto Yordani, ilisema kuwepo kwa taifa la Wapalestina si jambo la kubishaniwa tena. Mwanafunzi anayeniandikia kwamba “hakuna watu wanaoitwa Wapalestina” namrudishia kazi yake ayasome maoni hayo kwanza.

Namrudishia vilevile anayeandika kwamba Wayahudi ni dini tu, hawana haki ya taifa. Someni historia yao kwa moyo uleule mnaousomea yetu. Theodor Herzl aliitisha kongamano la kwanza la Wazayuni, yaani wanaharakati wa makao ya kitaifa ya Wayahudi, mjini Basel mwaka 1897, wakati Wayahudi wa milki ya Urusi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa majumbani mwao. Mwaka 1903 Uingereza ikawapa wazo la kuhamia Afrika Mashariki, mpango ulioshikamana na jina la Uganda ingawa ardhi yenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wenyeji wa uwanda huo hawakuulizwa. Kongamano la 1905 likaukataa. Mwaka 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi wa Kiyahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler, na karibu zote zikaendelea kufunga milango yao. Baada ya hapo Wayahudi milioni sita waliuawa. Watu waliopitia hayo walipodai dola yao, hawakuwa wakitafuta fahari.

Uzito wa suala hili uko hapo: mataifa mawili, kila moja na haki ya kweli, juu ya ardhi moja. Anayelisoma kwa kuifuta haki ya mmoja atalimaliza haraka, na hatakuwa amelielewa.

Mahali pazuri pa kuanzia kwetu sisi ni udhamini wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, kwa sababu tuliupitia. Baada ya Vita vya Kwanza, Tanganyika na Palestina zote ziliwekwa chini ya Uingereza kwa ibara ileile ya 22 ya mkataba wa Shirikisho hilo. Tofauti ilikuwa daraja. Palestina, kama Iraki na Syria, ilikuwa daraja la kwanza, la jamii zilizotoka katika milki ya Uturuki ambazo uhuru wao ulihesabiwa kuwa karibu. Tanganyika ilikuwa daraja la pili, la watu waliodhaniwa wanahitaji kutawaliwa muda mrefu zaidi. Iraki ikapata uhuru mwaka 1932, Transjordan 1946, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Wapalestina, waliowekwa daraja la juu yetu, hadi leo wanadai.

Nawapa wanafunzi wangu kazi ya kueleza kwa nini, nao huligundua jibu wenyewe: hati ya udhamini wa Palestina ilibeba ndani yake Tamko la Balfour la tarehe 2 Novemba 1917. Uingereza iliahidi kusaidia kuanzishwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi, huku wakazi wengine, waliokuwa wengi mno, wakitajwa kama jamii zisizo za Kiyahudi zenye haki za kiraia na za kidini. Haki zao za kisiasa hazikutajwa. Mdhamini alijifunga kwa ahadi ambazo hazikuweza kukaa pamoja, na mwaka 1947 akaukabidhi mzigo kwa Umoja wa Mataifa.

Azimio 181 la tarehe 29 Novemba 1947, la kuigawa Palestina iwe dola mbili, ya Kiyahudi na ya Kiarabu, lilipita kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Afrika ilikuwa na wanachama wanne tu: Liberia na Afrika Kusini ziliunga mkono, Misri ilipinga, Ethiopia ilijizuia. Wayahudi walikuwa takriban theluthi moja ya wakazi, na mpango uliwapa zaidi ya nusu ya ardhi. Uongozi wa Kiyahudi ulikubali, wa Waarabu ukakataa, vita vikafuata. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa na hawakuruhusiwa kurudi. Hiyo ndiyo Nakba, yaani janga kwa Kiarabu. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi nao waliondoka Iraki, Yemen, Misri na Moroko, wengi wao wakiacha mali zao zote.

Lisomeni Azimio 181 lote. Wanaolinukuu ni wengi kuliko waliolisoma, ndiyo maana mtasikia kila mara likisimuliwa kama mstari uliochorwa ramani kisha basi, wakati ndani yake kuna muungano wa kiuchumi wa dola mbili, Yerusalemu chini ya utawala wa kimataifa, na ulinzi wa walio wachache katika kila upande. Baada ya hapo wekeni mezani matangazo mawili ya uhuru, la Israeli la 1948 lililosomwa na David Ben-Gurion, waziri mkuu wake wa kwanza, na lile lililotolewa na Baraza la Taifa la Palestina mjini Algiers tarehe 15 Novemba 1988, lililoandikwa na mshairi Mahmoud Darwish. Yote mawili yanaegemea Azimio 181. Yote mawili hayaweki mipaka. Zoezi hili la jioni moja limewabadilisha wanafunzi wangu kuliko mihadhara yangu yote, na sijaona mwanafunzi aliyelifanya kwa makini akarudi kuzungumza kama zamani.

Hapo mnaingia swali la pili. Vigezo vinavyotumika sana ni vya Mkataba wa Montevideo wa 1933: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Kanuni yangu ni kwamba pishi mnayopimia upande huu ndiyo mpimie na upande ule. Akija mtu akasema Palestina si dola kwa kuwa mipaka yake haijakubaliwa, mkumbusheni kwamba Israeli ilikubaliwa Umoja wa Mataifa tarehe 11 Mei 1949 ikiwa na mistari ya kusitisha mapigano tu. Desemba 1948 Philip Jessup, mjumbe wa Marekani, alijenga hoja mbele ya Baraza la Usalama kwamba mipaka kamili si sharti. Mpaka wa Israeli na Misri ulikuja kukubaliwa katika mkataba wa amani wa 1979, na ule wa Jordan mwaka 1994.

Udhaifu wa kweli wa dola ya Palestina uko kwenye serikali. Makubaliano ya Oslo ya pili, 1995, kati ya Israeli na uongozi wa Wapalestina, yaligawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C, na eneo C, kama asilimia 60, likabaki chini ya Israeli kwa ulinzi na kwa utawala. Tangu 2007 Hamas, chama cha Kiislamu chenye silaha, ilitawala Gaza, na Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani iliyozaliwa na Oslo, ikabaki Ramallah katika Ukingo wa Magharibi. Walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu Mashariki wanakadiriwa kufika 700,000. Lakini jiulizeni nani kaisababisha hali hiyo kabla hamjaitumia kama hoja dhidi ya aliyenyimwa. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa Israeli kuwepo katika maeneo iliyoyakalia tangu vita vya 1967 ni kinyume cha sheria. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda hakukubaliana na wenzake. Someni maoni ya wengi na maoni yake. Mimi nakubaliana na wengi, ila nimewafunza wanafunzi wazuri waliomkubali yeye, wakajenga hoja vizuri.

Utambuzi hautanichelewesha. Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, mwaka 1968, na Biafra haikudumu. Utambuzi peke yake haujengi dola. Nchi hiyohiyo ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaitambua Palestina 1988, ikarudisha uhusiano na Israeli 1995 na kufungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018. Baraza Kuu liliipa Palestina hadhi ya dola mtazamaji mwaka 2012 kwa kura 138, na hadhi hiyo ikaiwezesha kujiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2015. Aprili 2024 Marekani ilitumia kura ya turufu kuzuia uanachama kamili. Septemba 2025 Uingereza, Kanada, Australia na Ufaransa zikaitambua, hata waliotambua wakapita 150. Mkulima wa Hebron, Ukingo wa Magharibi, hakupita kizuizi cha barabarani kwa urahisi zaidi asubuhi iliyofuata.

Na kuhusu maiti. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200, wakateka wengine takriban 250. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo walikuwa miongoni mwa waliokufa. Gaza wameuawa makumi ya maelfu, watoto wengi mno. Darasani kwangu hakuna anayeruhusiwa kutaja wafu wa upande mmoja ili kuwanyamazisha wanaolia wa upande mwingine. Mkitaja idadi, tajeni nani kaihesabu na hadi tarehe gani.

Anayetafuta mada ya tasnifu, namshauri aende kwenye Sheria ya Msingi iliyopitishwa na Knesset, bunge la Israeli, mwezi Julai 2018, inayosema haki ya kujiamulia kitaifa ndani ya dola ya Israeli ni ya Wayahudi peke yao. Ailinganishe na ahadi ya usawa wa wakazi wote iliyomo katika tangazo la 1948, kisha aangalie raia Mwarabu wa Nazareth anasimama wapi kati ya hati hizo mbili. Mada hiyo haijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, na ningefurahi kuisimamia.