Uliza Mama Steshenari: Printa imeshushwa bei, wino je?

SWALI

Shikamoo Mama Steshenari. Mimi ni mchoraji, naishi Kisasa hapa hapa Dodoma. Nachora kwa akriliki: mibuyu, wapiga zeze, akina mama wa soko la Majengo. Wageni wanaokuja mjini wakati wa Bunge wanaipenda kazi yangu, lakini wakisikia turubai ni laki nne wanauliza kama hakuna nakala ya karatasi ya bei nafuu. Nimeamua kununua printa ya A3 au kubwa zaidi, na nimepata tatu. Ya kwanza ni Epson SureColor P700 iliyoko dukani Dar es Salaam. Wameishusha kutoka milioni 2.9 hadi milioni 1.85 kwa sababu ilikuwa ya maonyesho. Ya pili ni Epson L8180 ya matangi, mpya kabisa, milioni 2.1 na muuzaji hapunguzi hata mia. Ya tatu ni ya mtumba kutoka Japani, inachapa mpaka A2, laki nane tu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, naye anataka mashine hiyo hiyo imchapie mitihani na maazimio ya kazi. Nichukue ipi?
Mchoraji wa Kisasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hiyo ya laki nane tuimalize kwanza, haina maneno mengi. Igeuze nyuma usome kibandiko. Kama kimeandikwa 100V peke yake na siyo 100–240V, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku hiyo hiyo unayoichomeka, na transfoma ya kuishushia umeme nayo inanunuliwa. Ikiwa inakubali umeme wetu, uliza habari za wino. Mashine zinazouzwa Japani zina majina yao na katriji zao. Hiyo P700 unayoitaka, kule inaitwa SC-PX1V, na katriji zake zinauzwa kwa namba nyingine. Kila katriji ina chipu, ukipachika ya kanda nyingine mashine inaweza kuikataa katakata hata kama imejaa. Kwa hiyo kila ukiishiwa njano utakuwa unaagiza ng'ambo. Tena hujui aliyekuwa nayo aliiacha imekaa miaka mingapi na wino ndani. Printa ya leza ya mtumba naweza kununua. Ya wino, hapana.

Tuje kwenye P700, ambayo naona ndiyo imekukosesha usingizi. Ni mashine nzuri, hilo nisikufiche. Ina rangi kumi, ikiwemo zambarau, na nyeusi zake ni mbili: moja ya karatasi ya kung'aa, nyingine ya karatasi isiyong'aa, na kila moja ina njia yake kwenye hedi, yaani kichwa kinachotema wino. Wino wake ni wa pigmenti, maana yake ni chembe ndogo za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Huu mwingine, wa dai (Waingereza wanaandika "dye"), umeyeyuka kabisa na unazama ndani ya karatasi. Dai kwenye karatasi ya picha inapendeza mno, rangi zinawaka, lakini jua linaichosha mapema. Pigmenti inavumilia mwanga muda mrefu zaidi, na ukiichapa kwenye karatasi nene ya pamba weusi unatoka mzito, unashiba. Mchoraji anayeuza nakala chache zenye sahihi na namba, kila moja kwa laki moja na nusu, na wateja anao tayari, huyo nitamwambia achukue P700 bila kupepesa macho.

Wewe bado hujafika hapo, kwa hiyo tupige hesabu. Katriji moja ya P700 ina mililita 25. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ni kubwa kuliko hiyo. Muulize muuzaji bei ya katriji moja halafu zidisha kwa kumi. Akikwambia laki moja, seti nzima ni milioni, na mkononi una mililita 250. Punguzo ulilopewa ni milioni moja na elfu hamsini. Umeona linakoenda? Chupa za L8180 ni sita, kila moja mililita 70, jumla 420, na unamimina mwenyewe kwenye tangi bila kutupa katriji yenye wino uliobaki.

Halafu hili neno "ya maonyesho", usilipite hivi hivi. Printa ya wino ikiwashwa mara ya kwanza hunyonya wino mwingi kujaza mirija mpaka kwenye hedi. Hiyo ya dukani ilishafanya hivyo zamani. Katriji zilizokuja nayo zimepungua au zimekwisha, na kama ilikaa miezi dukani bila kuchapa, huenda wino umekauka kwenye nozeli, yaani vile vitundu vya hedi. Kwa hiyo usitume pesa kwa simu ukangoja mzigo. Panda treni au basi, nenda ukaione, na uombe wakutolee karatasi ya majaribio ya nozeli mbele ya macho yako. Inachapwa kwenye A4 ya kawaida, haichukui hata dakika mbili.

Karatasi hiyo inasomwa hivi. Kila rangi inatoa vistari vifupi vilivyopangwa kama ngazi. Kila kistari kimetoka kwenye tundu lake, kwa hiyo pengo moja ni tundu moja lililoziba. Nyeusi na samawati utaziona bila shida. Inayowapiga chenga watu ni njano, haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, na muuzaji mjanja anajua. Fungua picha ya buluu tupu kwenye simu, ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, sogea mahali penye giza kidogo kisha mulika karatasi. Njano itageuka kuwa nyeusi-nyeusi na mapengo yote yatajitokeza. Kama yapo, waambie wasafishe hedi mara moja wachape tena. Yakibaki, hiyo printa haina punguzo, ina ugonjwa. Yasipokuwepo, omba risiti ya EFD na garantii iliyoandikwa namba ya mashine, maana maduka mengine bidhaa ya maonyesho huiuza kama ilivyo, ukitoka mlangoni hawakujui tena. Na jambo la mwisho kuhusu safari: mashine iliyokwishatiwa wino hailazwi ubavu. Kwenye buti la basi juu ya magunia, wino utafika Dodoma kabla ya printa.

Sasa hali ya hewa yetu, ambayo muuzaji wa Dar haifikirii kwa sababu yeye anaishi kwenye unyevu. Hapa kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, upepo ni mkavu na vumbi la Kisasa unalijua kuliko mimi. Printa ya wino inataka kutumiwa. Pigmenti ikikauka kwenye nozeli ni chembe zilizogandana, kuziondoa ni kazi ngumu kuliko dai. Mtu anayechapa mara moja kwa mwezi hapa Dodoma, mashine ya pigmenti ya rangi kumi itamtesa: kila akiiwasha anasafisha hedi, na kila akisafisha anakunywesha wino kisanduku cha taka. Ukinunua yoyote kati ya hizi mbili, chapa picha ndogo yenye rangi zote kila wiki hata kama huna oda. Ifunike kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na wakati wa kiangazi iweke chumba ambacho dirisha la upande wa upepo linafungwa. Beseni la maji kwenye kona ya chumba hicho linasaidia, usicheke.

Mitihani ya mama mwalimu. P700 haina skana, na kuchapia mitihani wino wa picha ni kumvalisha mbuzi kanzu. L8180 ina skana, inatoa kopi, na nyeusi yake ya maandishi ni pigmenti, kwa hiyo mtihani ukidondokewa na maji maandishi hayachuruziki. Lakini hata hiyo nisingeichosha kwa darasa la watoto tisini. Achape nakala mama moja nyumbani, nyingine akatoe risografu au fotokopi kwenye steshenari yoyote. (Siyo kwamba najipigia debe. Basi, kidogo.) Maazimio ya kazi na barua, hizo achape nyumbani kwa amani, na zitasaidia nozeli zisikauke.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, chukua L8180 kwa milioni 2.1 ingawa haijapunguzwa. Inachukua karatasi ya A3+, yaani milimita 329 kwa 483. Ukichapa picha ya ukubwa wa A3, ambayo ni 297 kwa 420, unabaki na ukingo mweupe wa kutosha kuweka sahihi, na mteja anakwenda na fremu ya kawaida. A2 waachie watu wenye mabango. Mgeni wa Bunge anataka kitu kinachokaa bapa kwenye begi lake la nguo.

Ina mipaka yake, na uijue kabla hujalipa. Skana ni ya A4, turubai zako hazitaingia. Zipige picha nje kwenye kivuli saa nne asubuhi, bila flashi, kamera ikiwa imetazamana na turubai sawasawa. Kwa A3 safi ya nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli kama 3508 kwa 4961, simu nyingi za sasa zinafika. Na rangi zake ni dai. Fanya jaribio hili: chapa kipande, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani upande wa magharibi, kiache miezi miwili. Ukifunua utajua la kumwambia mteja kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie aitie kwenye fremu yenye kioo na asiitundike mahali jua linapopiga. Bei yake nayo iwe ya nakala ya dai; mimi ningeanzia elfu arobaini. Oda ya hoteli au ofisi ikija, inayotaka pigmenti kwenye karatasi ya pamba, peleka faili kwa mtu mwenye mashine hiyo Dar akuchapie, ongeza faida yako juu. Hizo oda zikianza kufuatana, niandikie tena, tutaizungumza P700, safari hii mpya ndani ya boksi.

SWALI

Habari za kazi, dada. Printa yangu ya A3 ya matangi ilikaa likizo yote ya Desemba. Sasa inatoa mistari myeupe. Nimesafisha hedi mfululizo mpaka wino umeshuka nusu tangi na bado. Nifanyeje?
Mwenye studio ya picha, Singida

JIBU

Kwanza acha kusafisha. Wino wote huo umeingia kwenye sponji ya ndani inayonyonya wino wa taka, na ikijaa mashine itagoma kabisa. Izime, ikae usiku kucha, asubuhi chapa karatasi ya nozeli mbili zikifuatana na uzilinganishe. Mapengo yakiwa mahali pale pale kwenye zote mbili, hapo wino umeganda: safisha mara moja, iache tena usiku, rudia hivyo kwa subira. Mapengo yakihama, leo hapa kesho pale, hiyo ni hewa kwenye mirija, na kusafisha mfululizo kunaweza kuizidisha. Hakikisha wino kwenye matangi yote uko juu ya mstari wa chini kisha iache itulie.

Na unaizimia wapi? Wengi wanazima ukutani. Ukizima kwa kitufe cha printa yenyewe, hedi inarudi kwenye maegesho yake na kufunikwa na kifuniko cha mpira. Ukikata umeme ukutani inapochapa, inabaki katikati ya njia uchi, na kwa upepo wa Singida haihitaji likizo nzima kukauka. Ndiyo maana hata UPS ndogo ya bei rahisi ina kazi: umeme ukikatika, inakupa dakika za kubonyeza kitufe. Ukifanya yote haya na pengo likabaki pale pale baada ya wiki, mpelekee fundi, na umwambie ukweli umesafisha kiasi gani, ili aanze na sponji kabla ya kugusa hedi.