Muvi Ikigandaganda, Usikimbilie Kuongeza Ramu

Siku tuliyoletewa video ya harusi ya mdogo wangu, mama aliwaita mashangazi na majirani wawili, mkeka ukatandikwa sebuleni, chai ikapita. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta, kompyuta nikaiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, taa tukazima. Mwanzo shwari. Bi harusi alipotokea mlangoni mwa ukumbi, picha ikaganda. Vigelegele vinasikika, tarumbeta zinalia, yeye kasimama mguu mmoja hewani. Picha ikaruka hatua tatu mbele, ikaganda tena. Mama akanigeukia: "We baba, huyu mkwe wangu atafika lini kwenye kiti?"

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hata faili hakuitazama, akasema ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ndogo. Nikatoa hela, GB 4 zikawa 8. Nikarudi nyumbani, bi harusi yuko palepale mlangoni.

Nilinunua dawa kabla ya kupima, na kipimo chenyewe ni bure. Kwenye Windows, video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha ni nini kinachoelemewa. Kwangu ramu haikufika hata nusu, ila prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imegota asilimia 100 na haishuki.

Sababu iko hivi. Video ya ubora wa juu huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na kompyuta inapaswa kuifumua picha 25 au zaidi kila sekunde. Mbinu ya kubana iliyozoeleka ni H.264, ya mwaka 2003, na kompyuta nyingi za mtumba zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kuifumua hiyo. Mwaka 2013 ikaja HEVC, ambayo pia huitwa H.265. Hii hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, lakini kuifumua ni kazi nzito. Kompyuta yangu ni Core i5 ya kizazi cha tatu, ya 2012. Chipu yake haiijui HEVC kabisa, kwa hiyo prosesa inabaki kufua mablanketi kwa mkono. Ndiyo maana muvi moja inateleza kama maji na nyingine, yenye faili dogo zaidi, inagoma.

Kujua faili lako limebanwa vipi, lifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, kisha bonyeza Ctrl na J. La kwetu lilisomeka HEVC, 3840 kwa 2160. Nilicheka peke yangu. Televisheni yetu ya inchi 32 ina nukta 1366 kwa 768, yaani mpiga video alitupa picha yenye nukta karibu mara nane ya zile tunazoweza kuziona. Tulikuwa tunaiua prosesa kwa uzuri usioonekana.

Dawa iliyonifaa ni HandBrake, programu ya bure. Niliiambia iigeuze ile video iwe H.264 ya 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080, nikaenda kulala. Kompyuta ilinguruma usiku kucha, asubuhi kazi imekwisha. Jioni bi harusi akatembea hadi kwenye kiti bila kukwama, na mama akataka kipande cha keki kirudiwe. Faili la mwanzo usilifute, siku moja utakuwa na mashine inayoliweza.

Wanaotazama YouTube kwenye kompyuta za zamani wanaumwa ugonjwa uleule, kwa kuwa video nyingi za huko huja kwa mbinu mpya, VP9 au AV1. Wakati mwingine intaneti iko safi kabisa na picha inaruka. Kabla ya kumlaumu mwenye mtandao, shusha ubora wa picha hadi 720p uone. Bando nalo litapumua: Netflix wenyewe wanataja hadi GB 3 kwa saa moja ya HD.

Flashi ikikataa faili kubwa huku ikidai ina nafasi tele, haijaharibika. Imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo mpya zaidi, ila hamisha vitu vyako kwanza, maana vyote vitafutika. Na ukichomeka HDMI picha ikaja bila sauti, bonyeza alama ya spika kwenye kompyuta uchague televisheni. Waya wa VGA, ule wa plagi ya bluu, haubebi sauti hata ukiubembeleza.

Kama umeamua kununua kompyuta ya mtumba, soma namba ya prosesa. Kwenye i5-3470, ile 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu. I5-7500 ni cha saba. Kwa Intel, kuanzia kizazi cha saba chipu yenyewe inafumua HEVC, hata ile ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, inayowatesa wengi. Muuzaji atakuonyesha stika, atakuonyesha ramu, atakuonyesha kibodi yenye taa. Wewe nenda na flashi yenye video inayokusumbua, mwombe aicheze hapohapo dukani.